Siku ya Thelathini Ilikuwa Leo

Saa nne na robo asubuhi, siku ya Ijumaa, Mama Greda alikuwa na raha ya mtu mwenye siku tano kibindoni. Alikuwa amekaa kwenye meza ya chakula, kalamu mdomoni, na rufaa yake mbele yake ikiwa na aya mbili tu. Haraka ya nini? Siku ya mwisho ni tarehe nane, na leo ni tarehe tatu. Aya ya tatu angeiandika baada ya chai, ya nne Jumapili, akijaliwa.

Tusimlaumu. Mwanamke huyu aliendesha greda la Idara ya Barabara kwa miaka kumi na mmoja, na barabara akishaisawazisha yeye, unaweza kupita na kikombe cha chai kwenye dashibodi kisimwagike hata tone. Ilipotangazwa nafasi ya msimamizi wa kambi ya wajenzi wa barabara, alifanya usaili akawa wa kwanza. Nafasi akapewa wa tatu, mwanamume ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika usukani. Barua ikaja na maelezo: mazingira ya kambi hayamfai mwanamke mwenye familia. Eti mwenye familia! Huyo aliyepewa ana watoto sita, lakini yeye, kwa hesabu za idara, hana familia, ana watoto tu.

Mama Greda hakunyamaza. Alilalamika kwenye kamati ya malalamiko ya idara kwamba amebaguliwa. Kamati ikakaa, ikanywa chai, ikasema hakuna ubaguzi wowote. Ila mwishoni mwa barua yao, kwa herufi ndogo za kumtoa mtu machozi, waliandika kwamba asiyeridhika anaweza kukata rufaa kwenye Tume ya watumishi wa serikali ndani ya siku thelathini tangu alipopokea barua. Hiyo ndiyo rufaa iliyokuwa mezani.

Upande wa pili wa meza alikaa mama mkwe wake, aliyekuja juzi kuwaona wajukuu. Mama huyu alikuwa mstaafu wa masijala, yaani kile chumba ambacho kila karatasi inayoingia serikalini huandikwa kwenye daftari na kugongwa muhuri. Miaka thelathini na mmoja aliifanya kazi hiyo, na palepale kwenye Tume. Ndani ya miaka hiyo hakuwahi kupokea karatasi iliyochelewa, wala hakuwahi kumsamehe mwanawe kwa kuoa mwanamke anayerudi nyumbani na grisi kwenye kucha.

"Mkwe," aliuliza, akipuliza chai, "hiyo barua ya kamati uliipokea lini?"

"Tarehe nane mwezi uliopita, mama. Nilikuwa kambini. Niliporudi nikaikuta stoo, Mzee wa Stoo amenitunzia."

"Amekutunzia." Mama mkwe akaweka kikombe chini. "Na kwenye daftari la tarishi alisaini nani?"

"Si yeye mwenyewe? Huwa anatusainia wote."

Ndivyo walivyozoea pale karakana ya idara. Watu wa barabarani hawakai mjini, na tarishi alikuwa amechoka kuja na daftari lake mara kumi kwa barua moja. Basi Mzee wa Stoo, mtu wa huruma, akawa anasaini kwa niaba ya kila mtu, kisha anaweka barua kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya rafu ya fanibelti. Watu walimshukuru kwa hilo, hata kwenye sherehe ya mwaka mpya walimpa shuka.

"Mpigie simu," alisema mama mkwe.

Mzee wa Stoo alipokea kwa furaha. "Mama Greda! Likizo inasemaje? Barua yako? Ngoja nivae miwani. Tarehe tatu mwezi uliopita. Na nilikusainia vizuri, mwanangu, hata ule mkia wa sahihi yako niliuweka! Tarishi alibaki mdomo wazi." Akacheka sana. Upande huu hakuna aliyecheka.

Mama mkwe alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Alihesabu mara ya pili. Kisha akasimama, na ukimwona mtu wa umri ule anasimama bila kushika meza ujue kuna jambo.

"Mwezi uliopita ulikuwa na siku thelathini. Kutoka tarehe tatu ya mwezi ule, siku ya thelathini ni leo. Wanafunga saa tisa na nusu."

Mama Greda aliruka kitini. "Lakini mama, mimi niliipata tarehe nane! Mzee wa Stoo atanishuhudia!"

"Atashuhudia nini? Kwamba aliigiza sahihi ya mtu? Wamfukuze uzeeni? Sikiliza, mwanangu. Ukianza kubishana na daftari utabishana mwaka mzima. Na Tume wakisema umechelewa, hawafungui hata ukurasa wa kwanza. Hawatasoma kwamba ulikuwa wa kwanza kwenye usaili. Hawatasoma chochote. Utazeeka kwenye greda ukiamrishwa na uliyemfundisha." Akavua mtandio, akaukunja. "Leta hizo karatasi hapa."

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka tisa ya ndoa kwa mama huyu kumwita mwanangu. Mama Greda aliliona hilo, akaliweka pembeni alifurahie baadaye, maana sasa damu ilikuwa inamchemka kama injini iliyowashwa asubuhi ya baridi. Akaandika. Mama mkwe akawa anasoma kwa juu ya bega na kukata.

"Hii ya 'mijitu isiyo na haya' toa."

"Lakini si kweli, mama?"

"Kweli tupu. Toa. Tume haisomi hasira, inasoma sababu na tarehe. Weka alama za usaili. Weka yale maneno yao wenyewe, mwanamke mwenye familia, neno kwa neno. Hapo watajinyonga kwa kamba yao."

Saa sita na nusu rufaa ilikuwa tayari, kurasa nne, safi. Mbio hadi duka la fotokopi la kona. Zilihitajika nakala tatu: ya Tume, ya idara, na ya kwake. Mashine ikatoa moja, ikatoa ya pili, ikakohoa, ikameza ya tatu. Mwenye duka akaanza kuipigapiga ubavuni huku akisema fundi atakuja kesho. Kesho! Mama Greda akaomba bisibisi, akafungua mlango wa nyuma, akaingiza mkono mpaka kiwiko, akaichomoa ile karatasi, na alipoona roli imelegea akaikaza palepale. Mashine ikanguruma vizuri kuliko ilivyonunuliwa. Mama mkwe alimtazama na ile grisi yake kwenye kucha, akafungua mkoba, akampa kitambaa chake cheupe ajifute.

"Sasa idara," alisema. "Tume haipokei rufaa mpaka ione muhuri wa mwajiri kwamba nakala yake ameipata."

Walifika saa saba na dakika arobaini. Afisa utumishi alikuwa bwana mmoja nadhifu, mwenye kutabasamu bila meno kuonekana. Aliishika rufaa kwa ncha za vidole, akasoma juu, akageuka kutazama kalenda ukutani, akatabasamu zaidi. Ungesikia kichwa chake kikihesabu.

"Hakuna shida, dada. Nakala iache. Ila muhuri sasa, karani wake amekwenda msibani na ufunguo wa kabati. Njoo Jumatatu."

"Jumatatu nitakuwa nimechelewa."

"Pole sana. Mimi siwezi kuvunja kabati la serikali."

Jamani, kuna watu! Mama Greda alishika ukingo wa meza ile kwa mikono miwili, na mikono yenyewe ni ya kushikilia mtambo wa tani kumi na tano. Alitamani kuisukuma meza na mwenyewe hadi dirishani. Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia Mzee wa Stoo, kofia mkononi, macho mekundu. Baada ya ile simu alikuwa ameulizia watu wa ofisini, akaelezwa maana ya ile tarehe, akaja mbio kutoka stoo.

"Mwanangu, nimekuponza," alisema. "Nilidhani natenda wema."

"Si kosa lako, mzee. Tatizo ni muhuri. Hawana."

"Muhuri tu?" Mzee akaangaza. "Muhuri ninao mimi! Wa stoo, una jina la idara na tarehe juu. Nikipokea vipuri nagonga huo."

Afisa utumishi akacheka kwa pua. "Mzee, rudi kwenye matairi yako. Wewe huna mamlaka ya kupokea barua kwa niaba ya mtu yeyote hapa."

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, mkoba mapajani, mpole kama aliyekuja kuuliza njia. Alinyanyua uso.

"Samahani, baba. Hebu rudia, masikio yangu ya kizee."

"Nimesema hana mamlaka ya kupokea barua kwa niaba ya mtu yeyote."

"Ahsante. Niandikie hapo, utie na sahihi."

"Ya nini?"

"Kwa sababu barua ya kamati kwa huyu mwanangu aliipokea mzee huyu. Tarehe tatu. Mkono uliosaini kwenye daftari lenu ni wake. Kama hana mamlaka, basi mwanangu hakupokea barua tarehe tatu, na siku zake bado zipo tele. Na kama anayo, basi mzee, lete muhuri wako ugonge hapa. Chagua wewe, baba. Sisi lolote tunachukua."

Afisa akamgeukia Mzee wa Stoo kama aliyepata pa kupumulia. "Kumbe unaghushi sahihi za watumishi? Unajua adhabu yake?"

Mzee wa Stoo alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na kila mtu mle ndani alijua. Lakini akajikaza, akavaa kofia yake.

"Najua. Nawasainia wote, afisa. Hata barua yako ya likizo, ulipokuwa harusini, nilikusainia mimi. Ukanishukuru. Ukaniambia, mzee, mkono wako ni mzuri kuliko wangu."

Afisa utumishi alitazama dari, akatazama viatu, kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo. Kabati likafunguka. Muhuri huo hapo, na wino wake mbichi! Akagonga kwa shingo upande, paa, kwenye kila nakala, akaandika tarehe. Mama Greda alimkumbatia Mzee wa Stoo mpaka kofia ikaanguka.

"Usinikumbatie, kimbia!" mzee alipiga kelele. "Kimbia, mwanangu!"

Saa nane na dakika arobaini walipata teksi. Dereva alipoambiwa ni suala la kufa na kupona aliamini kuna mgonjwa, wakamwacha aamini. Mjini taa za njia panda zilikuwa zimezimika, magari yamefungana, kila mtu anapiga honi kana kwamba honi inasukuma gari. Saa tisa kasoro tano. Saa tisa. Mama Greda alikuwa ameikumbatia bahasha kifuani.

"Mama, tukifika saa tisa na nusu na dakika moja je?"

"Hapana. Saa tisa na nusu karani anachukua rula na kalamu nyekundu, anapiga mstari chini ya jina la mwisho kwenye daftari. Baada ya mstari hakuna jina linaloingia siku hiyo. Mimi nimeupiga mstari huo miaka thelathini na mmoja. Walinililia, wengine walipiga magoti. Sikuwahi kupokea."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja," alisema, na safari hii hakulisema kwa majivuno.

Saa tisa na dakika kumi na tano gari lilikuwa halijasogea hata urefu wa mkeka. Mama mkwe akafungua mlango. "Tushuke. Ni pale kwenye lile jengo la bluu." Akavua viatu, akavitia kwenye mkoba, akaanza kukimbia. Nasema kukimbia! Bibi wa miaka sitini na saba, magoti yake yanayolalamika kila mvua ikinyesha, anakatiza katikati ya magari huku amepandisha gauni kwa mkono mmoja, na mkwe wake nyuma anahema. Watu walishusha vioo. Mtu mmoja alishangilia bila kujua anashangilia nini.

Kwenye jengo lifti ilibandikwa karatasi: mbovu. Ghorofa ya tatu. "Tangulia!" mama mkwe alisema. Mama Greda akapanda ngazi mbilimbili, akatokea kwenye korido, akaliona dirisha la masijala lenye kioo cha kupandisha, na nyuma yake karani mwenye kitambi akipuliza wino. Wino ulikuwa mwekundu.

"Tumefunga, mama yangu," alisema karani.

Mama Greda akaweka bahasha juu ya kaunta hivyohivyo. Basi yote ilikuwa bure: mbio, muhuri, mzee wa watu kuhatarisha pensheni yake. Nyuma yake zikasikika hatua za miguu mitupu, na pumzi ya mtu anayekaribia kuzimia. Karani alipoona nani anakuja alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Mwalimu! Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba," mama mkwe alijibu, ameshika ukuta. "Hujambo?"

"Sijambo. Mwalimu, rufaa hii ni ya kwenu? Mungu wangu." Uso wa karani ukaingia huzuni ya kweli. "Mstari nimeshapiga. Na wewe ndiye uliyenifundisha. Ulisema jina haliingii chini ya mstari, hata akija mama yako mzazi."

"Nilisema hivyo."

"Ulinichapa na rula siku niliyempokea yule shemeji yangu."

"Nilikuchapa. Na nilikuambia mstari unapigwa saa ngapi?"

Karani akaiweka kalamu chini. "Saa tisa na nusu."

"Geuka nyuma."

Nyuma yake, juu ya rafu ya majalada, kulikuwa na saa kubwa ya ukutani. Tisa na dakika ishirini na tano.

"Leo Ijumaa, mwalimu," karani alisema kwa sauti ndogo. "Nilidhani hakuna atakayekuja tena."

"Ijumaa nayo ina saa tisa na nusu yake. Sikuombi hisani, hisani sijawahi kumpa mtu kwenye dirisha hili na siwezi kuja kuiomba. Nataka dakika tano za huyu mwanangu. Ni zake. Wewe umezikatia nini?"

Karani akavuta daftari. Pembeni ya mstari akaandika kwa mkono wake kwamba umepigwa kabla ya wakati, akatia sahihi, na jasho likamdondoka kwenye ukurasa. Kisha chini yake akaandika jina la Mama Greda, la idara, tarehe, saa tisa na dakika ishirini na sita. Akachukua muhuri, akauvuvia pumzi, akagonga. Paa! Akaandika namba ya rufaa juu ya nakala, akaisukuma kupitia chini ya kioo.

Mama Greda aliisoma ile namba mara tatu. Halafu akapiga kelele moja, korido nzima ikaitika, milango miwili ikafunguliwa watu waone kuna nini. Imepokelewa! Sasa watasoma. Watake wasitake, wataketi kwenye viti vyao wasome kwamba alikuwa wa kwanza. Alicheka, akalia, akambusu mama mkwe kwenye paji la uso, jambo ambalo hakuwahi hata kuliota.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye benchi la kusubiria, nyayo nyeusi kwa vumbi, kifua kinapanda na kushuka. Hakuwa anacheka. Alikuwa analitazama lile dirisha kama hajawahi kuliona.

"Miaka yote ile nilikuwa upande wa ndani wa kioo," alisema. "Nilikuwa nasikia vishindo ngazini, nasema, watu hawa wana fujo gani. Sikujua wanakimbia hivi."

"Mama, pumzika."

"Sikujua, mwanangu. Nani ajuaye walipita wapi mpaka kufika pale."

Na kabla Mama Greda hajajibu, vishindo hivyohivyo vikasikika. Mtu alikuwa anapanda kutoka chini, anajikwaa, anashika vyuma vya ngazi, anahema. Karani alitazama saa: tisa na dakika ishirini na nane. Mkono wake ukaenda kwenye kioo, kwa mazoea tu, tayari kukishusha.

Mama mkwe aliruka kutoka kwenye benchi kama si yeye. Akausukuma mkoba wake, viatu na yote, chini ya kioo kisifungike, akaliegemea dirisha kwa mgongo, akainamisha kichwa kuelekea ngazini na kupaza sauti ambayo haikuwahi kutoka katika ofisi ile.

"Kimbia, baba! Ghorofa ya tatu! Zimebaki dakika mbili, kimbia, tunakusubiri!"

Na Mama Greda alikuwa ameshaanza kuteremka ngazi, mkono mbele, aende kumpokea bahasha.